Mashine ya boti kwa maji ya kina kifupi: ipi inafaa kwenye kinamasi chako?

Mwezi wa Aprili bonde la Kilombero ni kama ziwa. Mtumbwi unapita juu ya majani bila kugusa chini, na mashine yoyote iliyofungwa nyuma inafanya kazi. Ikifika Oktoba, njia ileile imebaki mfereji wa upana wa mita mbili, maji yako magotini, chini kuna tope linalomeza mguu, na matete yamefunga pande zote. Aliyenunua mashine kwa kuangalia maji ya Aprili atasukuma boti kwa mikono hadi mvua zirudi. Malagarasi, kinamasi cha Yala, delta ya Tana, kingo za Kyoga na mabwawa ya Upemba kule Katanga yana tabia hiyohiyo: maji yanapanda na kushuka, na mashine inatakiwa ifae siku maji yako chini kabisa.

Tunalinganisha aina tano: mashine ya kawaida yenye propela chini ya maji, ya mkia mrefu, ya mkia mfupi, ya jeti, na mota ya umeme. Kila moja ina mahali pake. Swali la "HP ngapi?" ambalo watu huanza nalo dukani tunaliweka nyuma, kwa sababu nguvu haisaidii kitu pale propela inapozunguka ndani ya tope au imefungwa na majani.

Pima kwanza

Kina. Chukua fito ya mita 2, chora alama kila sentimita 10, na chini yake pigilia kipande cha ubao chenye upana wa sahani. Fito tupu inazama kwenye tope laini na kukupa kipimo cha uongo; ubao unasimama pale tope linapoanza. Pita njia yako yote katika mwezi mkavu kuliko yote, upime kila baada ya hatua hamsini. Andika vitu viwili: kipimo kidogo kuliko vyote, na urefu wa sehemu yenye kipimo hicho. Mita 20 za maji haba unazivuka kwa upondo. Mita 800 huzivuki, labda siku moja tu, na siku ya pili mgongo utakataa.

Boti yako inazama kiasi gani. Boti ya chini bapa yenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 1.2 inakalia maji mita za mraba 6, kwa hiyo kila sentimita 1 inayozama inabeba kilo 60. Ukitoa omo (mbele ya boti) iliyochongoka, hesabu kilo 50. Boti yenyewe kilo 150, watu watatu kilo 200, mashine na mafuta kilo 60, samaki na barafu kilo 90: jumla kilo 500, nayo itazama sentimita 10. Mtumbwi wa kuchonga wenye tumbo la mviringo unazama zaidi kwa mzigo uleule. Hiyo ndiyo namba yako ya kwanza. Mashine inaongeza yake juu ya hapo.

Majani. Usiseme tu "kuna majani". Mafunjo yana shina nene linalokatika. Magugu maji yana mizizi inayoning'inia kama ndevu na huziba matundu. Majani ya chini ya maji, yale malaini kama nywele, ndiyo mabaya zaidi kwa propela kwa kuwa hayakatiki, yanajizungusha. Ongeza na nyavu zilizotupwa.

Chini. Tope, mchanga, visiki au mawe: kila kimoja kinaharibu kitu tofauti.

Mzigo na umbali. Kilo ngapi, kilomita ngapi, na mara ngapi kwa juma.

Fundi na vipuri. Jiulize kipuri kikivunjika Jumatatu utakipata lini. Kwa maoni yetu kigezo hiki kina uzito sawa na kina cha maji, na ndicho watu wanachokipuuza.

Mashine ya kawaida (propela chini ya maji)

Hii ndiyo ya HP 9.9, 15, 25 au 40 unayoiona kila mwalo wa Ziwa Victoria.

Kina. Bamba lililo juu ya propela linatakiwa lilingane na chini ya boti au lishuke sentimita 2 au 3 tu. Kutoka kwenye bamba hilo hadi ncha ya pezi la chini, mashine ya HP 15 ina karibu sentimita 30. Jumlisha 10 za boti, unapata 40, na huwezi kwenda mbio ncha ikiwa inakwangua. Kwa mwendo kamili hesabu sentimita 60. Nyingi zina kishikio cha kuziinua kidogo kwa maji haba. Hapo zinapita kwenye sentimita 30 hadi 35 kwa mwendo wa pole, mradi matundu yanayovuta maji ya kupoza yabaki ndani ya maji.

Kuna kosa moja linalogharimu sentimita 13 bure. Mashine hizi huuzwa zikiwa na shafti fupi (S) au ndefu (L). Pima ubao wa tezi (nyuma ya boti) kutoka juu, pale vibano vinapokaa, hadi chini ya boti: ukipata kama sentimita 38 unahitaji S, ukipata 51 unahitaji L. Wengi hununua L kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, wanaifunga kwenye tezi fupi, na propela inaning'inia chini kuliko inavyostahili. Kama tayari unayo, inua ubao wa tezi kwa kipande cha mbao ngumu kilichofungwa kwa bolti, sentimita 5 kwa mara moja, ukijaribu kila hatua. Mashine ikianza kulia kwa sauti ya juu huku boti ikipunguza mwendo, propela inavuta hewa: umepandisha kupita kiasi, rudi chini kidogo.

Majani na visiki. Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Majani laini yakijizungusha, weka gia ya nyuma kwa sekunde tatu hadi tano kwa mwendo mdogo. Mara nyingi yanajifungua. Yasipofunguka, zima, chomoa kamba ya usalama, inua, kata kwa kisu. Uzi wa nailoni ni hatari ya kimyakimya: unaingia nyuma ya propela, unakata sili, maji yanaingia kwenye oili ya gia. Kila mwezi fungua skrubu ya chini ya gia na uangalie matone machache. Oili safi ina rangi ya asali au nyeusi kidogo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Badilisha sili kabla ya bearingi na gia kuliwa. Kwa visiki, mashine ndogo zina pini inayokatika ili gia isivunjike. Beba pini tatu za akiba na koleo. Usiweke msumari mahali pa pini, kwani msumari haukatiki, gia ndiyo itakayokatika.

Mzigo na mwendo. Kwa mzigo mkubwa na umbali mrefu kwenye maji yanayotosha, inashinda nyingine zote hapa, na ina gia ya nyuma na nyutro, jambo kubwa kwa anayepakia abiria. HP 15 ya mipigo miwili (inayochanganyiwa oili kwenye petroli) ina uzito wa karibu kilo 36 na ikifunguliwa yote inakula takriban lita 6 hadi 7 kwa saa. Ya mipigo minne inakula lita 4 hadi 5, haina haja ya kuchanganya oili, lakini ina uzito wa karibu kilo 50, na kilo hizo zote ziko kwenye tezi ambako boti inazama kwanza.

Matunzo. Ndani yake, juu ya gia, kuna pampu yenye gurudumu la mpira lenye mabawa. Maji ya tope yanalipiga msasa gurudumu hilo. Ukilitoa baada ya msimu utaona mabawa yamelala upande mmoja na hayarudi, ncha zimekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na kikombe chake kina mikwaruzo ya duara. Hapo mashine bado inatema maji pembeni, lakini kwa uvivu, na siku ya mzigo mzito itachemka. Kwenye tope likague kila saa 100, ulibadilishe kila mwaka hata kama linaonekana zima. Kila jioni weka mashine kwenye pipa la maji safi, iwashe dakika tano hadi kumi bila gia. Tundu la kutemea maji likiziba, lichokoe kwa waya laini.

Mchanganyiko wa mipigo miwili usipimwe kwa kifuniko cha chupa. Soma kitabu cha mashine yako. Ikisema 50:1, ni mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Ikisema 100:1, ni mililita 200.

Inamfaa nani. Mwenye njia inayobaki na sentimita 50 au zaidi karibu mwaka mzima, mwenye abiria au mzigo mzito, na aliye karibu na mwalo wenye mafundi.

Mkia mrefu

Injini ya kawaida ya viwandani inayopozwa kwa hewa, kama zile za jenereta na za kumwagilia mashamba, inakaa juu ya tezi kwenye egemeo linalozunguka. Kutoka kwake shafti iliyo ndani ya bomba inanyooka nyuma mita 1.5 hadi 2.5, na mwishoni kuna propela ndogo ya mabawa mawili. Watu wa Thailand wamezitumia kwa miongo mingi, na vinamasi vya Louisiana huko Marekani vimekuwa na aina zake tangu miaka ya 1970.

Kina. Kinachozama ni propela tu, na wewe ndiye unayechagua izame kiasi gani kwa kukandamiza au kuinua mkono. Inafanya kazi popote boti yenyewe inapoelea: sentimita 15 zinatosha boti ya mfano wetu hapo juu. Ukifika kwenye kizingiti cha tope, unakandamiza mkono kidogo, mkia unapanda mpaka nusu ya propela iko nje, maji nyuma yanageuka meusi na mazito kama uji wa ulezi, na boti inatambaa. Haina tundu la kuvuta maji, kwa hiyo tope haliwezi kuichemsha.

Majani na visiki. Mkia ukigonga kisiki unapanda juu yake na kuteremka upande wa pili. Shafti imelala, basi majani mengi huteleza kurudi nyuma badala ya kujizungusha. Majani laini bado yatajizungusha, lakini unaizima, unauzungusha mkia ndani ya boti na kuusafisha ukiwa umekaa. Mafunjo yaliyosimama hayapitiki. Hayo ni kazi ya panga na upondo.

Mzigo na mwendo. Injini ya HP 6.5 inasukuma mtumbwi wenye watu watatu kwa takriban kilomita 8 hadi 12 kwa saa. Ya HP 13 inaongeza mzigo zaidi kuliko mwendo. Ya HP 6.5 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula chini kidogo ya lita 2 kwa saa, ya HP 13 karibu lita 3.5. Kwa mvuvi anayenunua petroli kwenye madumu, tofauti na mashine ya kawaida inaonekana mwisho wa juma la kwanza.

Ugumu wake ni wa mwendeshaji. Inageuka kwa kona pana, mkono unavutwa upande mmoja muda wote, na nyingi hazina nyutro: injini ikiwaka, propela inazunguka. Kwa hiyo washa propela ikiwa nje ya maji na hakuna mtu nyuma, funga kamba ya kuzimia mkononi, na usimwachie mtoto mkono wa mashine hata kwa dakika moja. Propela inayozunguka hewani, mita mbili kutoka mwendeshaji, imeshakata watu sehemu nyingi duniani.

Matunzo. Hapa ina faida kubwa. Injini za aina ya Honda GX200 na zile zilizoigwa kwake ziko kila mji wa mashamba, na fundi wa pampu wa Ifakara anaijua plagi, kabureta na pete zake kwa kugusa. Oili ya injini ni lita 0.6, badilisha baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Chujio la hewa lisafishwe kila saa 50, mara mbili zaidi wakati wa vumbi na mbegu za matete.

Lakini angalia mambo matatu kabla ya kulipa.

La kwanza ni mhimili wa injini. Zipo za milimita 20 na za inchi robo tatu, yaani milimita 19 na ushei. Mkia wa tundu la 20 kwenye mhimili wa 19 unacheza, na ndani ya wiki chache umekula ufunguo (kichuma kinachoufunga mkia kwenye mhimili). Injini iliyotolewa kwenye pampu mara nyingi ina mhimili wenye nyuzi kama za skrubu au mfupi, na haikubali mkia kabisa. Nenda na kalipa (kifaa cha kupimia unene).

La pili ni mlalo. Injini hizi hujipaka oili kwa kijiko kinachorusha oili kutoka chini, na hazitakiwi kulala zaidi ya nyuzi 20. Fanya hesabu: egemeo likiwa sentimita 60 juu ya maji na propela sentimita 10 chini yake, mkia wa mita 2 unalala nyuzi 20 hivi. Mkia wa mita 1.5 kwenye tezi hiyohiyo unalala nyuzi 28. Kama injini imefungwa sambamba na mkia, kifaa cha kupima oili kitaizima katikati ya maji. Wapo wanaokata waya wa kifaa hicho. Injini haizimi tena, ni kweli, na baada ya muda mkono wa pistoni unavunjika kwa kukosa oili. Suluhisho ni kushusha egemeo, kurefusha mkia, au kuweka kabari ya chuma chini ya injini ili ikae wima zaidi.

La tatu ni bushi ya mwisho, karibu na propela. Ndiyo inayokula tope. Jaza grisi kwa pampu yake kila siku ya kazi, hadi uone grisi mpya ikitoka upande wa propela. Ikianza kutetemeka, shika propela kwa mkono injini ikiwa imezimwa na uitikise juu na chini: ikicheza zaidi ya unene wa kadi ya simu, badilisha bushi na sili kabla shafti haijaanza kuliwa.

Inamfaa nani. Mvuvi wa mtumbwi, mkulima wa mpunga wa bondeni, na yeyote anayepita maji ya chini ya sentimita 40 mara nyingi huku akiwa mbali na duka la vipuri vya boti. Kwa bei ya mashine moja mpya ya HP 15 unapata injini kadhaa za aina hii.

Mkia mfupi

Ni ndugu wa mkia mrefu: injini kubwa ya silinda mbili inayopozwa kwa hewa, HP 23 hadi 37 kwa kawaida, mkanda unaopeleka nguvu chini, na shafti fupi inayozungusha propela karibu na uso wa maji nyuma tu ya tezi.

Kina. Ikishapanda juu ya maji, yaani boti ikiteleza kwa kasi, inapita kwenye tope lenye maji ya sentimita 10, boti ikiwa nyepesi. Kusimama na kuanza tena ndani ya tope ni hadithi nyingine, kwa sababu uzito wa karibu kilo 100 au zaidi unaikalisha tezi.

Majani na visiki. Propela nene ya chuma inakata majani kwa nguvu. Kisiki inakipanda, japo kwa mshtuko mkubwa kuliko mkia mrefu.

Mzigo na mwendo. Ndiyo yenye mbio kwenye kinamasi, na inageuka vizuri. Inataka boti pana ya alumini, chini bapa, tezi iliyoimarishwa. Ukiifunga kwenye mtumbwi wa kuchonga utauzamisha.

Matunzo. Mkanda, bearingi na propela ni vya kuagiza. Bila mikanda miwili ya akiba ndani ya boti usitoke.

Inamfaa nani. Doria, uokoaji wa mafuriko na taasisi zenye bajeti ya vipuri na mtu aliyefunzwa. Mvuvi mmojammoja hataziona fedha zake zikirudi.

Jeti

Nusu ya juu ni mashine ya kawaida. Chini, badala ya propela kuna pampu inayovuta maji kupitia wavu wa vyuma na kuyasukuma nyuma. Wazo la boti za jeti lilikomaa New Zealand miaka ya 1950 mikononi mwa Bill Hamilton, kwa ajili ya mito ya changarawe yenye maji maangavu, na hadi leo huko ndiko zinakong'ara.

Kina. Hakuna kinachoning'inia chini ya boti. Ikiwa mbioni inapita sentimita 10 hadi 15. Ikisimama inazama kama boti nyingine, na kuanza tena kunahitaji maji ya kutosha, la sivyo itavuta mchanga.

Majani na visiki. Hapa hatuna njia ya kulainisha maneno. Kwenye magugu maji ya ghuba ya Winam (Ziwa Victoria upande wa Kenya) au mafunjo ya Malagarasi, wavu wa jeti unaziba ndani ya dakika chache. Boti inapoteza nguvu, unazima, unainama kuchomoa majani kwa mkono, unawasha, unarudia. Kisiki kikubwa hakiigusi, na hakuna bawa la kumkata mtu aliye majini, jambo linalofaa sana kwa uokoaji.

Mzigo na mwendo. Inapoteza karibu asilimia 30 ya nguvu. HP 40 yenye jeti inabaki na kama 28, kwa mafuta yaleyale ya HP 40. Ukiipakia kupita kiasi haipandi juu ya maji, na jeti isiyopanda ni mzigo.

Matunzo. Grisi kwenye bearingi kila baada ya safari. Nafasi kati ya gurudumu la pampu na ukuta wake isizidi karibu milimita 0.8; mchanga ukishaipanua, injini inalia bila kusukuma. Kuna washa nyembamba (pete za chuma) za kuhamisha ili kulisogeza gurudumu chini, na ncha zake zinolewe kwa tupa.

Inamfaa nani. Mwenye mto wa mchanga au changarawe usio na majani. Kwa kinamasi cha mafunjo tungeshauri fedha hizo ziende kwingine.

Mota ya umeme

Kina. Propela yake ndogo inataka izame yote, hivyo hesabu sentimita 35 hadi 40. Shafti inapandishwa na kushushwa kwa mkono, na hilo linasaidia.

Majani na visiki. Haina nguvu ya kukata. Majani laini yakiifunga, mota inaendelea kuvuta umeme bila kuzunguka, na waya ndani yake unaungua. Ikipunguza sauti ghafla, zima papo hapo.

Mzigo na mwendo. Mota ya msukumo wa pauni 55, volti 12, inavuta takriban ampea 50 ikiwa mwisho na inakupa kilomita 5 au 6 kwa saa. Betri ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa 100) isitumiwe zaidi ya nusu, kwa hiyo una saa moja. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo inakupa karibu saa moja na dakika 40, na ina uzito wa kilo 12 hivi badala ya 28 au zaidi. Kwa mwendo wa pole muda unaongezeka mara tatu. Paneli ya wati 200 siku ya jua zuri inarudisha Ah 55 hadi 60.

Matunzo. Machache: propela, fyuzi ya ampea 60 karibu na betri, na waya mnene wa milimita za mraba 16. Waya mwembamba unachemka na kula umeme wako njiani.

Inamfaa nani. Mwongoza watalii wa ndege, mtafiti, mwenye bwawa la samaki, na yeyote anayetaka ukimya. Anayetafuta korongo nyangumi kwenye mafunjo ya Malagarasi hatamkaribia kwa mkia mrefu.

Mambo yanayohusu mashine zote

Sato na perege huchimba viota vyao kwenye maji haba, mabakuli ya duara yanayoonekana chini maji yakitulia. Mashine yoyote ikipita juu yake inafukia viota na kuwafukuza wazazi. Ukiyaona, zima na ushike upondo. Samaki wa msimu ujao wanaanzia pale.

Injini za kupozwa kwa hewa zina eksozi yenye moto mkali. Matete makavu ya Septemba yanawaka kwa kugusa tu, basi funga wavu wa chuma kuizunguka na ujaze mafuta injini ikiwa imepoa. Zinaharibu masikio pia, na pamba haitoshi. Tumia viziba masikio vya viwandani. Jaketi la kuokolea livaliwe hata kwenye maji ya kiuno, kwa sababu aliyekwama miguu kwenye tope hana tofauti na aliye kwenye kina kirefu. Kama unabeba abiria, ukaguzi na leseni ni wa mamlaka za usafiri wa majini: TASAC kwa Tanzania Bara na KMA kwa Kenya.

Kwa hali yako

Mtumbwi mmoja, watu wawili au watatu, Kilombero au mahali kama hapo, maji yanashuka chini ya sentimita 40 kila mwaka: mkia mrefu wa HP 6.5, mkia wa mita 2, na bushi mbili za akiba.

Boti ya abiria au ya kukusanya samaki, njia ina sentimita 60 isipokuwa vizingiti vichache: mashine ya kawaida ya HP 15 hadi 40, shafti fupi kama tezi inaruhusu, na upondo wa mita 4 kwa vizingiti. Kama vizingiti vinazidi mita 200 kwa jumla, mkia mrefu wa HP 13 utakufikisha mapema zaidi ingawa ni mzito wa mwendo.

Delta ya Rufiji kwenye mikoko: kina kinafuata bamvua na maji mafu (maji makubwa na madogo ya bahari) kuliko mvua. Mashine ya kawaida inatosha kwa anayejua saa za kujaa na kupwa. Isafishe kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) kila jioni na ubadilishe kipande cha zinki, kile kinacholiwa na chumvi badala ya mashine, kikiliwa nusu. Anayelazimika kupita maji yakiwa yamekupwa, mkia mrefu, ila apake injini mafuta ya kuzuia kutu kila juma.

Doria yenye boti ya alumini na fedha za vipuri: mkia mfupi kwenye tope na majani, jeti kwenye mto wa mchanga.

Watalii wa ndege, safari ya saa mbili: mota ya umeme na betri ya lithiamu, pamoja na mashine ndogo ya HP 6.5 ya mkia mrefu iliyolala ndani ya boti kwa ajili ya kurudi upepo ukibadilika.

Kama bado umekwama kati ya mbili, azima au kodi ile ya bei nafuu kwa wiki moja ya Oktoba, na upite njia yako na mzigo kamili, fito ya kupimia ikiwa mkononi.